Siku moja, siku mbili au siku kumi: mwongozaji wa mlimani asome kozi ipi ya huduma ya dharura?

Mwezi wa nne, masika ikishika kasi na wageni wakipungua Kilimanjaro, ndipo waongozaji vijana wanapopata nafasi ya kusoma, na ndipo simu yangu inapoita. "Shikamoo kaka. Nataka kusoma huduma ya kwanza. Kuna ya siku moja hapa Moshi, kuna ya siku mbili, na kuna ile ndefu ya porini, WFR (Wilderness First Responder). Hela yangu inatosha moja tu. Nichukue ipi?"

"Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya hela, niambie: huko unakolala na wageni, kufika hospitali ni mwendo wa saa ngapi? Na usiku wa manane mgonjwa anakuwa mikononi mwa nani, mwako au mwa mwingine?"

Nauliza hivyo kwa sababu kila kozi ina saa yake kichwani. Kozi ya mjini inahesabu dakika: mgonjwa amelala hapa, gari la wagonjwa liko njiani, kazi yako ni kumweka hai mpaka lifike. Kozi za porini zinaanzia pale ambapo msaada uko mbali zaidi ya saa moja, na huko mlimani hiyo saa moja mara nyingi inageuka usiku mzima. Ukisoma kozi ya dakika ukaenda kufanya kazi ya usiku mzima, utakuwa na cheti halali na bado hutajua la kufanya.

Nianze na ile fupi. Msalaba Mwekundu wa Tanzania wanaifundisha, Kenya kuna Msalaba Mwekundu wa kwao na St John Ambulance, na ni kozi ya siku moja hadi chache. Unajifunza kukandamiza kifua moyo ukisimama, kumsaidia aliyepaliwa, kuzuia damu, kuhudumia aliyeungua, kumlaza ubavu aliyezimia. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kufundishwa kwa Kiswahili na watu wanaojua ajali zetu za barabarani. Asiwepo mtu wa kuidharau. Mpishi wa kambini, mgumu anayebeba mzigo, dereva anayewapeleka wageni getini, wote hawa wangekuwa nayo, mlima wetu ungekuwa salama zaidi kuliko ukiwa na mwongozaji mmoja bingwa katikati ya watu ishirini wasiojua kitu.

Ya pili ndiyo wanayoiita WFA (Wilderness First Aid, huduma ya kwanza ya porini), saa 16 hadi 20 hivi, mara nyingi Jumamosi na Jumapili. Hapo ndipo porini panapoanza kuingia darasani: kumpima mgonjwa kuanzia utosini hadi unyayoni, kuhesabu pumzi na mapigo, kutengeneza gango la kutuliza mfupa uliovunjika kwa fimbo za kutembelea na godoro la kambini, baridi, joto, ugonjwa wa mwinuko, na lile swali gumu kuliko yote, huyu anaweza kuendelea au ashuke?

Ya tatu ni WFR. Saa 70 hadi 80, siku nane mpaka kumi, sehemu kubwa ukiwa nje umepiga magoti kwenye matope na mwenzako amejipaka damu ya bandia. Baadhi ya shule zimeigawa: nadharia unasoma nyumbani kwa intaneti, kisha mnakutana siku tano kwa vitendo tu. Mafunzo ya namna hii yalikulia Marekani, kwenye shule kama SOLO na NOLS, na kwa miaka mingi yamekuwa kipimo cha waongozaji wa milima sehemu nyingi duniani.

Ipo na ya nne, ya fundi wa dharura anayefanya kazi kwenye gari la wagonjwa, ya wiki kadhaa. Hiyo ni taaluma nyingine. Kama ndoto yako ni kuajiriwa na huduma ya ambulensi au timu ya uokoaji, isome. Kama kazi yako ni kuongoza wageni, haikuhusu kwa sasa.

Mgonjwa mmoja, watu watatu

Tuache ratiba za darasani. Tupande kambi ya Barafu, Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600, saa tano na nusu usiku. Wageni wanaamshwa kwa chai na biskuti, taa za kichwani zinawaka hema moja moja. Mwanamume wa miaka 54 amekaa kwenye mlango wa hema lake, ameinama, mikono magotini. Jana alikuwa anakohoa kidogo, akasema ni vumbi. Sasa anahema, na hajatembea hata hatua kumi. Chai ameikataa. Ukimuuliza anasema amechoka tu, apewe dakika tano.

Mwenye kozi ya siku moja atamwona mtu aliyechoka. Ataangalia kama anapumua: anapumua. Kama moyo unapiga: unapiga. Atamfungulia zipu ya koti, atamkalisha vizuri, atampa maji, na kama mtungi wa oksijeni upo atamwekea. Hakuna kosa katika hayo yote. Lakini hakuna mahali kwenye kozi yake palipomwambia kwamba mtu anayehema akiwa amekaa, kwenye kimo kile, pengine mapafu yake yanajaa maji. Atasema tungoje kupambazuke. Hapo kwenye kungoja ndipo watu wanapofia.

Mwenye WFA atakaa naye chini, aangalie saa, ahesabu pumzi dakika nzima. Atampasha kidole joto kwanza kabla ya kukiweka kipimo cha oksijeni, maana kidole cha baridi kinadanganya. Atajua kwamba kwa kimo kile hata mtu mzima wa afya anaweza kusoma asilimia themanini na kitu, hivyo namba peke yake haitoshi. Kinachomtisha ni namba iliyoporomoka chini ya za wenzake pamoja na ule uhemaji. Atatambua maji kwenye mapafu, na atasema neno sahihi: tunashuka sasa hivi. Kwa neno hilo moja kozi ya siku mbili imelipa gharama yake yote.

Sasa njia inaanza. Kutoka Barafu mpaka geti la Mweka ni karibu mita 3,000 za kushuka, gizani, kwenye mawe na baadaye kwenye tope la msituni. Helikopta usiku au kwenye ukungu usiihesabu. Mgonjwa alianza akitembea akiwa ameshikwa mabegani. Nusu saa baadaye miguu inakataa. Mke wake analia, anauliza kama hawezi kupumzika kidogo apate nafuu wapande kesho, walijiwekea akiba miaka mingi kwa safari hii. Kuna wageni wengine sita walioko juu wanangoja mtu wa kuwapeleka kileleni. Kwa siku mbili za darasani mambo haya yaligusiwa tu, kama yaligusiwa.

Siku kumi ni kwa ajili ya saa hizi. Mwenye WFR amekwisha kufanya usiku kama huu mara kadhaa kwa kuigiza, akakosea, akasahihishwa mbele ya wenzake. Anajua mgonjwa wa mapafu halazwi chali kwenye machela. Anainuliwa mgongo apate pumzi, na anafunikwa vizuri kwa sababu baridi inayazidishia mapafu mzigo. Anajua hesabu ya mtungi: wenye lita 400 ukifunguliwa lita 2 kwa dakika unakwisha baada ya dakika 200, saa tatu na dakika ishirini, kwa hiyo anapanga mapema mtungi wa pili upandishwe kutoka chini uje ukutane nao njiani. Anagawa watu: nani abaki na wageni sita, wagumu gani wabebe kwa zamu, nani atangulie na redio. Kila robo saa anasimamisha machela, anahesabu tena pumzi na mapigo, anaandika kwenye daftari na saa pembeni. Namba moja haisemi kitu. Safu ya namba inakwambia mtu anapona au anakwisha.

Kisha anabonyeza redio, na anasema hivi: "Mwanaume, miaka 54, tumetoka Barafu saa sita kasoro dakika kumi. Anahema akiwa amekaa, kikohozi tangu jana. Pumzi 34 kwa dakika, mapigo 124, oksijeni 62 kabla ya mtungi, 81 sasa akiwa kwenye lita 2. Anajua jina lake na anajua alipo, siku ya leo amekosea. Hana mzio, hatumii dawa. Tunadhani ni maji kwenye mapafu. Tunamshusha Mweka kwa machela. Tunaomba mtungi mwingine uje juu na gari lisubiri getini, tunampeleka hospitali ya KCMC." Nusu dakika tu. Daktari aliyeko Moshi akipelekewa maneno hayo anajiandaa kabla mgonjwa hajafika msituni. Linganisha na redio nilizozisikia mara nyingi: "Mgeni amezidiwa, leteni msaada."

Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa nilianza na cheti cha siku moja nikakiamini. Kambi ya Karanga, chini ya Barafu, mgeni alilalamika kichwa, nikampa dawa ya maumivu. Jioni akalalamika tena, nikampa tena. Asubuhi akasema hajambo, tukapanda. Tulipofika Barafu akaketi kufunga kamba za viatu. Nikaenda kuweka mizigo, nikarudi, nikamkuta bado ameshika kamba zile zile, anazizungusha, anazitazama kama hajawahi kuona kitu kama hicho. Mwongozaji mkubwa aliyekuwa jirani alimsimamisha, akamwambia atembee mstari mmoja, kisigino kiguse vidole. Hatua ya pili akaangukia kwangu. Ulikuwa ubongo unavimba. Tulimshusha na akapona, Mungu mkubwa. Lakini dalili zilikuwepo tangu Karanga, na mimi nilizifunika kwa vidonge. Kile kipimo cha mstari ni cha sekunde thelathini na hakihitaji kifaa chochote. Sikuwa nimefundishwa.

Pale pale Karanga palikuwa na kitu kingine ambacho kozi ndefu ingenipa: alama za Lake Louise. Kichwa, tumbo, uchovu, kizunguzungu, kila kimoja kinapewa 0 mpaka 3. Kichwa kikiwepo na jumla ikifika 3, huo ni ugonjwa wa mwinuko, na mtu hapandi zaidi mpaka apate nafuu. Kwenye WFA unaonyeshwa jedwali. Kwenye WFR unalitumia kwa watu, jioni na asubuhi, mpaka linaingia mkononi.

Pale zinapofanana na pale zinapoachana

Kwa nyoka, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kozi zote tatu zikifundishwa sawasawa zitakwambia mamoja: mtulize mgonjwa, mvue pete na saa kabla ya uvimbe, kitulize kiungo kwa gango, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, wala usiweke jiwe la nyoka, mpeleke kwenye hospitali yenye dawa ya sumu. Swila akimtemea mtu machoni, osha kwa maji mengi, mengi kweli. Dereva wa Ruaha aliyesoma siku moja na kuyashika hayo yuko sawa na mwenye siku kumi. Wanaokaa kwenye nchi za koboko na kifutu ningewashauri waongeze mafunzo ya nyoka peke yake kwa watu wanaoishi na nyoka, kama wale wa Bio-Ken kule Watamu, Kenya.

Bega lililotenguka ndilo linalotenganisha. Mtu ameteleza ukuta wa Barranco, bega limechomoka. Siku moja: mfungie mkono shingoni, ngoja usafiri. Usafiri upi? Siku mbili: mfungie, angalia damu na hisia kwenye vidole kabla na baada, anza kushuka taratibu. Siku kumi: baadhi ya shule zinakufundisha kulirudisha bega mapema, kabla misuli haijakaza, kwa masharti na chini ya mwongozo wa daktari. Mgonjwa aliyerudishiwa bega anatembea mwenyewe. Asiyerudishiwa pengine anabebwa na watu wanane.

Na moyo uliosimama. Kukandamiza kifua ni kule kule, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Ila mjini unakandamiza mpaka wakupokee, na porini hakuna wa kukupokea. Kozi za porini zinakufundisha pia wakati wa kuacha: nusu saa bila dalili yoyote, isipokuwa kwa mtu aliyeganda kwa baridi, ambaye hasemwi amekufa mpaka apashwe joto. Ni jambo zito kulibeba peke yako. Afadhali ulisikie kwanza kwa mwalimu kuliko uliamue mwenyewe pale juu.

Wengine wananiambia wao ni wauguzi au madaktari, hawahitaji. Huwa nawakumbusha Batian. Septemba 1970, madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele hicho cha Mlima Kenya pale Judmaier alipoanguka akavunjika mguu, mfupa nje. Utabibu waliujua wote wawili. Ilichukua zaidi ya wiki kumfikisha chini, waokoaji wakaja mpaka kutoka Innsbruck, na rubani wa helikopta alipoteza maisha. Judmaier aliishi. Kilichokosekana pale hakikuwa elimu ya mfupa. Zilikuwa kamba, watu, dawa, joto, na njia ya kumtoa. Kwa wataalamu wa afya zipo kozi za nyongeza za siku chache zinazofundisha hiyo sehemu tu, hawana haja ya kurudia mambo wanayoyajua.

Sasa, wewe

Mgumu, mpishi, dereva wa kwenda na kurudi getini: siku moja, kwa Kiswahili, na irudiwe kila cheti kinapoisha.

Dereva anayelala na wageni Serengeti au Ruaha, na msaidizi wa mwongozaji mlimani: WFA. Porini kuna gari, kuna kiwanja cha ndege, na tangu 1957 Flying Doctors wa Amref wameokoa wengi kwa njia hiyo. Lakini viwanja vingi vya porini havina taa, ndege haitui usiku. Ajali ya saa kumi na mbili jioni inakuwa yako mpaka asubuhi. Siku moja haikuandai kwa usiku huo, siku mbili zinaanza kukuandaa.

Mwongozaji mkuu wa Kilimanjaro, Mlima Kenya au Rwenzori, yule ambaye neno lake ndilo linalogeuza safari: WFR, hakuna njia ya mkato. Rwenzori hata kabla ya kimo kuna mvua na baridi inayomaliza mtu taratibu akiwa anatabasamu. Anayeamua lazima awe amezoea kuamua.

Kuhusu hela nitasema wazi. Ada ya WFR ni mara kadhaa ya ile fupi, na juu yake ongeza chumba, chakula, na safari utakazozikosa siku kumi zile. Ndiyo maana nasema mwezi wa nne na wa tano. Vyeti vinaisha baada ya miaka miwili au mitatu kutegemea shule. WFR unaihuisha kwa siku mbili tatu. WFA kwa kawaida unairudia yote, kwa hiyo ukijua utabaki kwenye kazi hii, kununua siku mbili mara nne mwishowe si nafuu. Kampuni nazo ziulizwe. Mwajiri anayetangaza waongozaji wake wana WFR achangie kuilipia.

Uwe mwangalifu na herufi. Hata Marekani hakuna chombo kimoja cha serikali kinachosimamia kozi za porini, kwa hiyo vyeti viwili vyenye WFR vinaweza kuwa vya uzito tofauti kabisa. Uliza: mazoezi ya nje ni saa ngapi? Kuna zoezi la usiku? Mtihani wa vitendo upo, na watu huwa wanaanguka? Walimu wamewahi kumshusha mgonjwa wao wenyewe? Kuna daktari anayesimamia mtaala? Shule inayokasirika kwa maswali hayo, iache. Ya video tupu, bila kumgusa mtu, iache pia. Mikono haijifunzi kwa kutazama.

Na hili la lugha. WFR kwa kawaida inafundishwa kwa Kiingereza, lakini machela itabebwa kwa Kiswahili. Kila unachojifunza mchana, usiku kiseme kwa Kiswahili kwa sauti: ile ripoti ya redio, maagizo ya kuinua, maswali ya kumuuliza mgonjwa. Nimeona watu wenye alama nzuri kabisa wakikwama mbele ya wagumu wao, hawajui waseme nini ili watu sita wainue kwa pamoja.

Kama mwaka huu hela inatosha siku mbili tu, kachukue hizo siku mbili, usingoje. Kisha safari ya kwanza ya mwezi wa sita, siku ya kwanza, Machame au Mandara, wageni wakiwa wanakula, waite wagumu wako. Mmoja alale kwenye godoro, awe mgonjwa. Wawili kichwani, wawili kiunoni, wawili miguuni, wewe hesabu moja, mbili, tatu. Muinueni, mtembee naye mpaka kwenye choo na kurudi, mumshushe bila kumtikisa. Kesho jioni rudieni na taa zikiwa zimezimwa.